Kaunti ya Macon: Eneo Dogo la Mashambani Lenye Mafunzo Makubwa

Tangu serikali za kaunti zianze kazi nchini Kenya mwaka 2013, neno "kaunti" limekuwa sehemu ya mazungumzo ya kila siku. Kwingineko duniani mfumo huo ni wa zamani zaidi. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na nyingi kati ya zile za kusini ni za mashambani, zenye watu wachache na mapato madogo. Mojawapo ni Macon, katika jimbo la Alabama. Wakenya wengi hawajaisikia, ingawa jina la mji wake mkuu, Tuskegee, linajulikana katika historia ya elimu, kilimo, afya na haki za kiraia.

Makala haya yanaeleza historia ya Macon na mambo yanayoitambulisha. Yanaonyesha pia jambo linalomhusu kila mkazi wa kaunti, popote alipo: huduma inapomfikia mwananchi mlangoni hujenga imani, na imani hiyo inaweza kutumiwa kwa manufaa yake au dhidi yake.

Mahali ilipo

Macon iko mashariki mwa Alabama. Mji wa Tuskegee uko umbali wa kama kilomita 60 kutoka Montgomery, makao makuu ya jimbo. Ukubwa wa kaunti ni takriban kilomita za mraba 1,590, yaani inaizidi kidogo Kaunti ya Kisii. Tofauti kubwa ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 21,452. Ile ya mwaka 2020 ikahesabu 19,532. Idadi hiyo ni ndogo kuliko wastani wa wakazi wa wadi moja nchini Kenya. Takriban wakazi wanane katika kila kumi ni Wamarekani weusi.

Sehemu ya kusini ya kaunti imo katika eneo liitwalo Ukanda Mweusi, jina lililotokana na udongo wake mweusi wenye rutuba. Kaskazini kuna misitu na vilima. Msitu wa Kitaifa wa Tuskegee, wenye takriban ekari 11,000, ndio mdogo kuliko misitu yote ya kitaifa nchini Marekani. Kabla ya kufanywa msitu, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mashamba yaliyochakaa kwa kulimwa pamba mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa.

Ardhi iliyobadili wenyewe

Wenyeji wa kwanza wa eneo hilo walikuwa Wamuscogee, ambao Wazungu waliwaita Creek. Jina Tuskegee lenyewe linatokana na jina la kijiji chao. Mwezi Machi 1832 viongozi wao walitia saini mkataba ulioiachia serikali ya Marekani ardhi yao iliyobaki mashariki ya Mto Mississippi. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Kaunti ya Macon iliundwa na kupewa jina la Nathaniel Macon, mwanasiasa wa jimbo la North Carolina. Kufikia mwaka 1836 jeshi lilikuwa likiwahamisha Wamuscogee kwa nguvu kuelekea magharibi.

Walowezi walileta pamba, na pamba ikaja na utumwa. Watu weusi walilima mashamba hayo bila malipo hadi utumwa ulipopigwa marufuku nchini kote mwaka 1865. Uhuru ulikuja bila ardhi. Familia nyingi zilibaki zikilima mashamba ya wengine kwa mpango wa kugawana mavuno. Mkulima alikopeshwa mbegu, chakula na vifaa mwanzoni mwa msimu, kisha alilipa kwa pamba wakati wa mavuno. Aliyeweka hesabu alikuwa mwenye shamba au mwenye duka, na mara nyingi mwaka uliisha mkulima akiwa bado anadaiwa.

Chuo kilichoanza kwenye kibanda

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1881. Lewis Adams, fundi wa mabati aliyewahi kuwa mtumwa, alishirikiana na mfanyabiashara mzungu George W. Campbell kutafuta shule ya kufundisha walimu weusi. Bunge la jimbo lilikubali kutoa dola 2,000 kwa mwaka za kulipa walimu. Hakukuwa na fedha za ardhi wala majengo.

Mwalimu aliyeletwa kuiongoza, Booker T. Washington, alikuwa kijana wa umri wa miaka 25 aliyezaliwa mtumwa. Alifungua shule tarehe 4 Julai 1881 akiwa na wanafunzi kama 30, kwenye kibanda kibovu kando ya kanisa. Mwaka uliofuata shule ilihamia kwenye shamba la zamani lililotelekezwa. Wanafunzi walifyeka, wakalima na kujenga. Walipojaribu kuchoma matofali, tanuri liliharibika mara tatu. Mara ya nne walifaulu. Baadaye matofali yao yaliuzwa kwa majirani, wakiwemo Wazungu ambao mwanzoni hawakuitaka shule hiyo.

Washington alihimiza ufundi, kilimo na kujitegemea. Baadhi ya Wamarekani weusi, hasa msomi W.E.B. Du Bois, walimlaumu kwamba alikuwa akinyamazia haki ya kupiga kura na elimu ya juu. Mjadala huo ulikuwa na uzito: katiba mpya ya Alabama ya mwaka 1901 iliwanyima watu weusi wengi kura kwa kuweka kodi ya kupigia kura na masharti ya kujua kusoma. Hata hivyo, shule yenyewe iliendelea kukua na leo ni Chuo Kikuu cha Tuskegee.

Shule iliyowafuata wakulima

Mwaka 1896 chuo kilimwajiri George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa katika utumwa. Carver aliona kwamba pamba ilikuwa imenyonya rutuba yote ya udongo. Aliwashauri wakulima wabadilishe mazao kwa kupanda kunde, njugu karanga na viazi vitamu, kwa kuwa mimea ya jamii ya kunde hurudisha naitrojeni ardhini. Aliandika vijitabu vifupi kwa lugha nyepesi. Kijitabu chake cha mwaka 1916 kilieleza namna ya kulima njugu na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Watu wengi hudhani Carver ndiye aliyebuni siagi ya njugu, lakini si kweli. Mchango wake mkubwa ulikuwa kumwonyesha mkulima maskini namna ya kula vizuri na kurudisha rutuba ya shamba bila gharama kubwa.

Tatizo lilikuwa kwamba wakulima waliohitaji ushauri huo zaidi hawakuweza kufika chuoni. Kwa hiyo mwaka 1906 chuo kilitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, likabeba majembe ya kulimia, mbegu, vifaa vya maziwa na vielelezo vya kufundishia. Gari lilikwenda kijiji hadi kijiji. Mafunzo yalitolewa shambani kwa mkulima mwenyewe, majirani wakitazama. Mwaka huohuo Thomas Monroe Campbell, mhitimu wa chuo hicho, aliajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, akawa afisa wa kwanza mweusi wa ugani nchini humo.

Baadaye gari hilo lilibadilishwa na lori, na mafunzo yakapanuliwa. Afisa wa kilimo alifuatana na mtaalamu wa mambo ya nyumbani na muuguzi. Siku moja ya ziara iliweza kuhusu kuchanja mifugo, kuchimba choo, kuhifadhi matunda na kumtunza mtoto mchanga. Pamoja na hayo, wazo lililoanzia Tuskegee la kujenga shule za msingi vijijini lilipata msaada wa tajiri wa Chicago, Julius Rosenwald. Wanakijiji walitakiwa kuchangia fedha, mbao au kazi ya mikono. Kufikia mwaka 1932 karibu shule 5,000 za watoto weusi zilikuwa zimejengwa katika majimbo 15 ya kusini.

Wazo lililofika Kabete

Habari za Tuskegee zilifika Kenya mapema. Mwaka 1921 Harry Thuku, aliyekuwa akiongoza upinzani dhidi ya kipande na kodi, alikiandikia chuo hicho barua akitafuta msaada. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilitembelea Afrika Mashariki. Mmoja wa wanachama wake alikuwa msomi Mwafrika James Aggrey.

Mwaka uliofuata, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Ilifuata mfano wa walimu wa Jeanes wa kusini mwa Marekani, waliozunguka shule za vijijini wakifundisha usafi, kilimo na ufundi. Serikali ya kikoloni iliupenda mfumo huo kwa sababu zake: ilitaka elimu ya Mwafrika ikomee kwenye kazi za mikono. Wakenya wengi walidai zaidi ya hapo, na baadhi wakaanzisha shule zao za kujitegemea. Jengo la wazo hilo halikupotea. Kituo cha Kabete kiligeuzwa kuwa chuo cha kufundishia watumishi wa serikali karibu na wakati wa uhuru, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya, ambapo maafisa wengi wa kaunti hupata mafunzo.

Imani iliyosalitiwa

Huko Macon, kazi ya ugani na afya ilikuwa imejenga imani kubwa kati ya wakazi na watu waliowahudumia. Imani hiyo ndiyo iliyofanya yafuatayo yawezekane.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza utafiti wa kaswende katika kaunti hiyo. Wanaume weusi wapatao 600 waliandikishwa, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na 201 hawakuwa nayo. Hawakuambukizwa na watafiti, kama inavyodaiwa wakati mwingine. Kosa lilikuwa jingine: waliokuwa wagonjwa hawakuambiwa wana ugonjwa gani. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Kwa kweli madaktari walitaka kuona jinsi ugonjwa unavyoendelea mwilini hadi kifo bila tiba. Hata kipimo cha maji ya uti wa mgongo, chenye maumivu makali, waliambiwa ni tiba maalum ya bure.

Walipewa usafiri, chakula siku ya kupimwa na fedha za mazishi kwa masharti kwamba maiti ichunguzwe. Hospitali ya chuo ilitumika. Muuguzi aliyewasiliana nao kwa miaka yote hiyo, Eunice Rivers, alikuwa mhitimu wa Tuskegee aliyewahi kufanya kazi na lori la mafunzo vijijini. Wakulima walimfahamu na kumwamini. Wasingekuwa wepesi kumfuata mgeni.

Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, wanaume hao hawakupewa, na hatua zilichukuliwa kuwazuia wasiipate kwingine. Baadhi walikufa. Baadhi ya wake zao waliambukizwa, na watoto wakazaliwa na ugonjwa huo. Utafiti uliendelea kwa miaka 40, huku ripoti zake zikichapishwa waziwazi katika majarida ya kitabibu. Ulisimamishwa mwaka 1972, baada ya Peter Buxtun, aliyekuwa mfanyakazi wa idara hiyo, kutoa habari na mwanahabari Jean Heller kuziandika.

Kesi iliyofunguliwa na wakili Fred Gray ilimalizika mwaka 1974 kwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 10. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti. Tarehe 16 Mei 1997 Rais Bill Clinton aliomba msamaha kwa niaba ya taifa. Miongoni mwa wanaume waliokuwa wamebaki hai, ambao hawakufika kumi, baadhi walihudhuria.

Mpaka wenye pande 28

Katika miaka ya 1950 zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wa Macon walikuwa weusi, lakini madaraka yote yalikuwa mikononi mwa Wazungu wachache. Maafisa wa kuandikisha wapigakura walichelewesha kazi, wakakataa fomu kwa makosa madogo, na nyakati nyingine hawakuonekana ofisini kabisa. Hata hivyo, kwa juhudi za Chama cha Kiraia cha Tuskegee kilichoongozwa na mwalimu wa sosholojia Charles Gomillion, idadi ya weusi walioandikishwa iliongezeka mjini mpaka wakafika kama 400.

Mwaka 1957 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kubadilisha mipaka ya mji. Mji uliokuwa na umbo la mraba ukawa na pande 28 zilizopinda huku na huku. Baada ya mabadiliko hayo, karibu wapigakura wote weusi walijikuta nje ya mji. Waliobaki ndani walikuwa wanne au watano. Hakuna mpigakura mzungu hata mmoja aliyetolewa.

Wakazi walijibu kwa njia mbili. Ya kwanza, waliacha kununua katika maduka ya Wazungu mjini, na baadhi ya maduka yakafungwa kwa kukosa wateja. Ya pili, walikwenda mahakamani. Tarehe 14 Novemba 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, iliamua kwamba kuchora mpaka kwa lengo la kuwanyima watu kura kwa sababu ya rangi yao ni kinyume cha katiba. Kesi hiyo, Gomillion dhidi ya Lightfoot, hutajwa hadi leo katika mijadala ya mipaka ya uchaguzi.

Mapambano hayakuishia hapo. Mwaka 1963 gavana wa Alabama, George Wallace, alituma polisi wa jimbo kuzuia shule ya upili ya Tuskegee isifunguliwe kwa kuwa wanafunzi 13 weusi walikuwa wamepangiwa kujiunga nayo. Kesi iliyofunguliwa na wazazi wa Macon ilipanuliwa, na uamuzi wa mwaka 1967 ukaziamuru shule za karibu jimbo zima kuondoa ubaguzi. Mwezi Januari 1966 mwanafunzi wa Tuskegee, Sammy Younge Mdogo, aliuawa kwa kupigwa risasi katika kituo cha mafuta alipotaka kutumia choo kilichotengewa Wazungu. Novemba mwaka huohuo wakazi walimchagua Lucius Amerson kuwa sherifu, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kazi hiyo kusini mwa Marekani katika karne ya 20.

Watu na kumbukumbu za Macon

Kwa kaunti ndogo, orodha ya watu wake mashuhuri ni ndefu. Rosa Parks, aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery mwaka 1955, alizaliwa Tuskegee mwaka 1913. Mwandishi Zora Neale Hurston alizaliwa katika mji mdogo wa Notasulga mwaka 1891. Mwanamuziki Lionel Richie alizaliwa Tuskegee, na bendi ya Commodores iliundwa na wanafunzi wa chuo hicho. Katika Vita vya Pili vya Dunia, karibu marubani 1,000 weusi walipata mafunzo huko. Ndio waliokuwa marubani wa kwanza weusi katika jeshi la Marekani. Uwanja wao wa mazoezi, Moton Field, pamoja na nyumba ya Washington na makumbusho ya Carver, sasa ni maeneo ya kihistoria yanayolindwa na serikali kuu.

Historia hiyo haijaondoa umaskini. Macon bado ni kati ya kaunti zenye mapato ya chini nchini Marekani, na vijana wengi huhamia miji mikubwa kutafuta kazi.

Mafunzo kwa wakazi wa kaunti

Kwanza, huduma bora humfuata mwananchi. Nchini Kenya, Katiba imeziachia kaunti huduma za ugani na sehemu kubwa ya huduma za afya. Afisa anayefika shambani au kijijini hufanya kazi ambayo bango na tangazo haviwezi kufanya peke yake.

Pili, imani kwa mhudumu haitoshi bila maelezo kamili. Mkazi anayeombwa kushiriki utafiti ana haki ya kuuliza ni wa nini, nani anaufanya, una hatari gani, na kama anaweza kujiondoa bila kunyimwa matibabu. Utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), na mtafiti anapaswa kuionyesha anapoulizwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kupewa huduma.

Tatu, mipaka ni jambo la mwananchi wa kawaida. Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ya maeneo bunge na wadi ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12, na maoni ya wananchi yasikilizwe. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Wakazi wa Tuskegee walipigania kwa miaka mingi nafasi ya kusikilizwa. Nafasi hiyo ikipatikana na mkazi asihudhurie, wengine humchorea mpaka.

Maswali ya kujadili katika baraza au kikundi

1. Afisa wa ugani alifika lini mara ya mwisho katika kijiji hiki, na wakulima walijifunza nini?

2. Mtu akija kutoka taasisi yoyote kutoa damu au kuuliza habari za afya, mkazi amuulize nini kabla ya kukubali?

3. Ni historia gani ya eneo hili ambayo wazee wanaifahamu na bado haijaandikwa, na ni nani atakayeiandika?